DAFTARI LA KITUO CHA WATOTO NA MAKADIRIO YA KODI

(Maelezo yaliyotolewa na mhasibu wa Chama Kikuu mbele ya makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wenye vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, katika semina ya siku moja. Yanachapwa hapa kwa maombi ya makatibu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Mwenyekiti aliponitaka nizungumze juu ya kodi na vituo vya watoto, nilimwuliza kama hapakuwa na mtu mwingine wa kulisema jambo hilo. Sikuuliza kwa sababu naiogopa kodi. Niliuliza kwa sababu siwezi kulieleza kwa ukweli bila ya kuanza na aibu ya nyumbani kwangu, na mhasibu hapendi kuisimulia aibu ya vitabu vyake mbele ya makatibu ambao yeye ndiye huwauliza maswali juu ya vitabu vyao.

Wengi wenu mnafahamu kwamba mke wangu ana kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Alikianza kwa watoto saba wa majirani, ambao mama zao walikuwa wakienda kuchuma kahawa na hawakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Kikakua. Akafuata taratibu zote za Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: alipita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akatembelewa, akaambiwa aongeze choo na azungushe uzio, akafanya hivyo, akapata leseni. Kwa upande wa watoto hakuwa na doa. Uji ulikuwa tayari saa nne, mikeka ilianikwa, na daftari la mahudhurio liliitwa kila asubuhi. Ada ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi.

Upande wa fedha ndio uliokuwa na walakini. Ada iliingia kwa mkono, kwa simu, na mara nyingine kwa debe la mahindi. Stakabadhi, pale zilipoandikwa, zilitumbukizwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililowekwa juu ya kabati, mahali ambapo watoto hawafiki. Mimi nilikuwa naliona kopo lile kila jioni, na kila jioni nilikuwa natoka kufunga leja ya Chama Kikuu hadi senti ya mwisho.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, tulikwenda wote wawili katika ofisi ya kodi kwa ajili ya makadirio. Afisa aliuliza kitu kimoja tu: daftari la mapato liko wapi? Hatukuwa nalo. Yeye mwezi wa Februari alikwisha kupita kituoni, akahesabu watoto 30, akaona na kibao cha ada kilichobandikwa mlangoni. Basi akafanya hesabu ambayo hata mimi ningaliifanya kama ningalikuwa upande wake wa meza: watoto 30, mara shilingi 30,000, mara miezi 12, jumla shilingi 10,800,000. Kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu, kodi ya daraja hilo ilikuwa shilingi 250,000. Afisa hakutuonea. Alihesabu alichokiona, na sisi hatukuwa na kingine cha kumwonyesha.

Tuliporudi nyumbani ndipo nikashusha kopo. Kwa muda wa usiku tatu tulipanga vikaratasi mezani, tukalinganisha na daftari la mahudhurio la mwaka uliotangulia. Tukakuta kwamba watoto 30 walikuwa ni wa Januari na Februari tu, wakati ambapo kila mzazi ana hamu ya kumwandikisha mtoto. Kwa mwaka mzima wastani ulikuwa watoto 22. Kituo kilifungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, kwa hiyo miezi ya ada ilikuwa 10. Hiyo ni shilingi 6,600,000, na kati ya hizo shilingi 400,000 hazikulipwa na wazazi mpaka mwaka ukaisha. Fedha iliyoingia kwa hakika ilikuwa shilingi 6,200,000. Mwenye kumbukumbu za kiasi hicho, kwa jedwali nitakalowaeleza sasa hivi, angalilipa shilingi 66,000. Sisi tulidaiwa 250,000. Tofauti ni shilingi 184,000, yaani zaidi ya ada ya mwezi mzima ya watoto sita. Fedha hiyo haikuwa faini wala adhabu. Ilikuwa ni bei ya kutokuwa na daftari.

Mtaniuliza mbona hatukupinga. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 tangu apokee makadirio ili aweke pingamizi kwa maandishi, naye hutakiwa alipe kwanza ile sehemu asiyoibishia au theluthi moja ya kodi, kwa kutazama ipi iliyo kubwa zaidi. Njia hiyo ilikuwapo. Lakini ushahidi wetu ungalikuwa ni upi? Daftari lililoandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, kwa usiku tatu, halimdanganyi mtu yeyote aliyewahi kukagua vitabu. Mimi mwenyewe nisingalilikubali kutoka kwa katibu yeyote aliyeketi humu ndani. Tulilipa kwa awamu nne, na awamu ya kwanza ilitoka katika mshahara wangu.

Sasa nieleze jedwali lenyewe. Mtu binafsi mwenye biashara ndogo hatozwi kodi kwa kupigiwa hesabu ya faida, bali kwa mauzo yake ya mwaka, yaani fedha yote iliyoingia kabla ya kutoa gharama yoyote. Kwa kituo cha watoto, mauzo ni ada na michango yote ya wazazi. Jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 linasema hivi kwa madaraja ya chini. Ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 halipi kitu. Aliyezidi hapo mpaka 7,000,000 hulipa shilingi 100,000 akiwa hana kumbukumbu. Akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi 4,000,000. Aliyezidi 7,000,000 mpaka 11,000,000 hulipa 250,000 akiwa hana kumbukumbu. Akiwa nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi 7,000,000. Yako madaraja ya juu zaidi, lakini vituo vingi vya wanachama wetu haviyafikii. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, nayo huanza kutumika mwezi wa Julai. Kwa hiyo kila Januari yafaa katibu aombe jedwali linalotumika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu naye, alibandike ukutani, aondoe la zamani.

Nawaomba mlitazame jedwali hilo kwa jicho la mwanaushirika. Mama mwenye mauzo ya shilingi 4,500,000 akiwa na daftari hulipa 15,000, na bila daftari hulipa 100,000. Mwenzake wa shilingi 5,000,000 hulipa 30,000 au 100,000. Mwenye 9,000,000 hulipa 150,000 au 250,000. Ni kituo kilekile, watoto walewale, uji uleule. Mnaona kwamba anayeumia zaidi kwa kukosa daftari ni yule aliye mdogo, aliyevuka mpaka wa kwanza kwa hatua chache. Naye huyo ndiye anayeniambia kila mara kwamba kituo chake ni kidogo mno, hakihitaji vitabu.

Na yule wa chini kabisa, mwenye watoto kumi wa shilingi 25,000 kwa miezi kumi, ana mauzo ya shilingi 2,500,000. Hapaswi kulipa kodi hiyo hata senti. Lakini atajuaje, na atamwonyeshaje afisa, kama hakuandika? Afisa akikuta watoto kumi na wanane siku ya kupita, atapiga hesabu ya kumi na wanane.

Kuna mambo matatu ambayo nayasikia sana vijijini, na yote matatu yanawagharimu watu wetu. Jambo la kwanza ni kudhani kwamba kwa kuwa kituo hakina faida, basi hakina kodi. Nimesema hapo juu kwamba daraja hizi hutazama mauzo, si faida. Unaweza ukawa umetumia fedha yote kwa unga, sukari, kuni na mishahara, na bado ukadaiwa. Jambo la pili ni kudhani kwamba ada ya leseni au ushuru wa halmashauri ndiyo kodi yenyewe. Hiyo ni fedha ya halmashauri. Kodi ya mapato ni ya Serikali Kuu, nayo hulipwa kwa Nambari ya Utambulisho wa Mlipakodi, ambayo hutolewa bila malipo. Atakayekutoza fedha ili akupatie nambari hiyo, mwombe jina lake na umlete kwa katibu. Jambo la tatu ni imani kwamba asiye na kitabu hana la kuulizwa. Mifano niliyotoa inatosha kwa hilo.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Kila mwanamume alijua stakabadhi yake ilipo, usiku na mchana, maana angaliweza kusimamishwa njiani na kuulizwa. Wengine waliitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuishona kwenye koti. Sisemi kwamba siku zile zilikuwa njema. Nasema kwamba ustadi wa kutunza karatasi tunao. Tumeuacha tu tangu tulipoacha kuogopa.

Nije kwenye daftari lenyewe, maana ndilo lililotuleta. Nunueni kaunta buku moja na kitabu kimoja cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni. Havizidi hapo. Katika kaunta buku, ukurasa wa kushoto ni wa fedha iliyoingia na wa kulia ni wa fedha iliyotoka. Upande wa kushoto andika tarehe, jina la mtoto, mwezi wa ada inayolipwa, kiasi, namba ya stakabadhi, na kama imelipwa kwa mkono au kwa simu. Andika siku ileile fedha ilipopokelewa, kabla ya kuichukua kwenda dukani. Mzazi akilipa miezi minne kwa pamoja, iandike yote siku hiyo, lakini taja miezi inayohusika, ili usije ukamdai tena mwezi wa tatu. Mwisho wa mwezi piga mstari, jumlisha, weka sahihi na tarehe. Mstari ule na sahihi ile ndivyo vinavyolitofautisha daftari na kopo la maziwa.

Daftari la mahudhurio msilitenge na hesabu hizi. Wengi mnalitunza kwa ajili ya afisa ustawi wa jamii, na baadaye mnalitupa. Katika kodi, hilo ndilo shahidi mkubwa kuliko yote, kwa sababu linaandikwa kila siku na mtu asiyefikiria fedha. Linaonyesha siku mtoto alipoanza, siku alipoacha, miezi ambayo kituo kilifungwa, na wiki ambayo nusu ya watoto hawakuja kwa sababu ya surua. Afisa akizidisha watoto kwa ada kwa miezi kumi na miwili, jibu lake ni daftari la mahudhurio, likilandana na la ada. Yote mawili yatunzwe pamoja, kwa muda usiopungua miaka mitano, kama sheria inavyotaka. Nasi tuna panya na mvua. Basi yawekwe ndani ya sanduku la bati, si chini ya kitanda.

Kuhusu malipo yasiyo ya fedha. Katika vyama vya huku juu, mzazi anaweza kuleta ndizi, kuni, debe la mahindi au maziwa ya wiki nzima. Watu husema hiyo si ada, ni msaada. Ikiwa imeletwa badala ya ada, basi ni ada. Andika kilicholetwa, andika bei yake ya sokoni siku hiyo, na umwandikie mzazi stakabadhi. Upande wa kulia, kama unga huo umepikwa uji wa watoto, andika umetumika. Mwanzoni mke wangu aliona kazi hiyo ni ya upuuzi, mpaka alipoona kwamba mzazi aliyeleta kuni kwa muda wa miezi mitatu alikuwa amelipa zaidi ya ada yote ya mtoto wake, naye alikuwa bado anamhesabu katika wadaiwa.

Simu ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Laini moja ya mama mwenye kituo hupokea ada, hupokea fedha anayotumiwa na mtoto wake aliye Dar es Salaam, hupokea mchango wa msiba, hupokea zamu yake ya kikoba. Mwisho wa mwaka hakuna awezaye kusema ipi ni ada na ipi ni rambirambi. Afisa akiomba taarifa ya miamala ya laini hiyo, kila shilingi iliyoingia itaonekana kama mapato, na mzigo wa kueleza utakuwa wako. Sajili laini ya pili kwa ajili ya kituo, au chukua lipa namba, na uwatangazie wazazi kwamba ada haipokelewi penginepo. Atakayekosea akatuma kwenye laini ya nyumbani, hamisha siku hiyohiyo na uandike. Utozwe ada ndogo ya kuhamisha. Ni nafuu kuliko kukadiriwa kwa fedha ya matanga.

Ndugu makatibu, sehemu hii sasa ni yenu. Vyama kadhaa hapa vina utaratibu mzuri wa kumkata mwanachama ada ya mtoto katika malipo yake ya kahawa na kuipeleka kituoni kwa mkupuo. Nausifu utaratibu huo, kwa kuwa mkulima wetu hupata fedha kwa msimu na mtoto hula kila siku. Lakini mnapomlipa mwenye kituo, mpeni karatasi yenye majina ya watoto na kiasi cha kila mmoja, si jumla peke yake. Hati ya malipo ya chama husomwa na wakaguzi, na siku moja itawekwa karibu na daftari la mama huyo. Zikipishana, mwenye kukosa imani atakuwa ni yeye, hata kama kosa lilitoka mezani kwenu. Aidha, kamwe msimlipe kwa kupunguza deni lake la pembejeo bila ya kumwandikia. Fedha iliyomezwa na deni ni fedha iliyopokelewa, na yeye asipoiandika daftari lake litakuwa la uongo pasipo yeye kujua.

Tarehe. Mwaka wa kodi kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Makadirio hufanyika katika miezi mitatu ya kwanza, na kodi hulipwa kwa awamu nne, kabla au ifikapo tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Tazameni tarehe hizo pamoja na kalenda ya kahawa yetu. Sisi huchuma kuanzia Julai hivi hadi Desemba. Machi hakuna kitu mtini, na Juni ndiyo kwanza watu wanasafisha mashine za kumenyea. Wazazi hawana fedha, kwa hiyo kituo hakina fedha, na awamu mbili za kwanza zinadai. Wengi hapo ndipo hukopa kwa riba ya mtaani. Yapasa kodi ya Machi itengwe kutoka katika ada ya Novemba. Mke wangu siku hizi huweka katika SACCOS, kila mwisho wa mwezi, fungu dogo aliloliita la Machi, na halitoi hata mimi nikimwomba. Kwa mtu wa kodi ya shilingi 66,000, fungu hilo ni shilingi 5,500 kwa mwezi.

Yako mambo mawili madogo ambayo huwakuta watu kwa ghafula. La kwanza ni pango. Anayepanga nyumba kwa ajili ya biashara hutakiwa azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato katika siku saba baada ya mwezi kwisha. Kama pango ni shilingi 100,000 kwa mwezi, mwenye nyumba hupewa 90,000 na hati ya zuio ya 10,000. Wenye nyumba hukasirika sana. Basi lisemwe siku ya kuandikiana mkataba, si siku ya kulipa, maana ikija kugundulika miaka miwili baadaye atakayedaiwa ni mpangaji. La pili ni mishahara. Msaidizi anayelipwa shilingi 270,000 kwa mwezi au chini yake hakatwi kodi ya mshahara kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2020, lakini bado anapaswa kuandikishwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii na kuchangiwa. Nimeona vituo vinavyowahesabu wasaidizi kama ndugu wa nyumbani. Siku binti yule atakapoungua kwa uji wa moto ndipo itakapojulikana kama alikuwa ndugu au mfanyakazi.

Nimeulizwa pia juu ya vituo ambavyo ni mali ya chama chenyewe. Jedwali nililolieleza ni la mtu binafsi. Chama cha msingi si mtu binafsi, hata kikiwa na kituo chenye watoto wanane. Mapato ya kituo hicho yaingie katika vitabu vya chama, katika hesabu yake pekee, yakaguliwe pamoja na hesabu nyingine, na ritani ya chama ipelekwe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Kuna mahali nimekuta ada ya kituo cha chama inapokelewa kwenye simu ya katibu. Sitataja ni wapi. Katibu huyo yumo humu ndani, na nina hakika kwamba Jumatatu atakwenda kufungua laini nyingine. Na shule ya awali iliyosajiliwa kwa sheria ya elimu ni jambo la peke yake, sikulichanganya hapa.

Mtu atasema kwamba makatibu wana kazi nyingi, na kwamba vituo hivi ni biashara za watu binafsi, si za chama. Nalikubali la kwanza. Kuhusu la pili, nawaomba mwangalie orodha ya wanawake wanaopeleka kahawa ghalani saa tatu asubuhi, kahawa ikiwa bado haijachacha. Kila mmoja mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano amemwacha mahali fulani. Mwaka ule tulipolipa ile 250,000, mke wangu alipandisha ada kufikia shilingi 35,000 ili aifidie, na watoto wanne waliondolewa. Wawili kati yao nilikuja kuwaona msimu ule ule, wamekaa chini ya mbuni, mama akichuma, mmoja ana umri wa miaka miwili na mwingine hata hajafikisha. Hiyo ndiyo safari ya shilingi 184,000, na ilianzia juu ya kabati langu.

Sasa maagizo machache ya utekelezaji. Juu ya meza iliyo karibu na mlango kuna kaunta buku 40 zilizopigwa mistari na kuandikwa vichwa vya safu, pamoja na mwezi mmoja wa mfano uliojazwa. Kila katibu achukue mbili, aandike jina la chama chake katika orodha. Moja ni ya kituo kilichomo katika eneo lake, ya pili ibaki ofisini ili wengine wanakili. Chama Kikuu kimekubali kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa tatu hadi saa sita, mwenye kituo yeyote aweza kuja na daftari lake likapitiwa na kupigwa mstari. Hatutaulizana juu ya miezi iliyopita. Atakayekuja na kopo, apokelewe.

Kama mna maswali juu ya asilimia na tarehe, niulizeni mimi. Juu ya namna ya kumwambia mzazi kwamba hakuna ada bila stakabadhi, na namna ya kuithamini kuni, mwulizeni mke wangu, aliyeketi mstari wa nyuma, karibu na dirisha. Daftari ni lake. Mimi siku hizi huruhusiwa kulisoma tu.